Redio koli ya mkononi: mimi jikoni Makorora, Baba Salma mnadani Deep Sea

Kazi yangu hapa Tanga ni kupika shughuli. Harusi, maulidi, hitima, chochote kinachotaka sufuria kubwa. Mkono wangu wa nje ni mume wangu, Baba Salma: asubuhi na mapema yuko Deep Sea kwenye mnada wa samaki, akitoka hapo anapita soko la Mgandini kwa nyanya na ndimu. Zamani siku ya shughuli tulikuwa tunapigiana simu mpaka zinachemka, na ya kwangu ilishajaa unga kwenye matundu yote ya spika.

Dada yake aliyeko Uingereza walipobadilisha saa za mkononi nyumbani kwake, akatuletea Apple Watch mbili za zamani. iPhone tulikuwa nazo, nazo ni mitumba ya ukoo huohuo. Basi kati ya mambo yote yaliyomo kwenye saa hizi, mapigo ya moyo, hatua, sijui nini, ninalolitumia kweli ni Walkie-Talkie. Ni ile redio koli ya walinzi, ila imefungwa mkononi.

Ilikuja na watchOS 5, yaani mfumo unaoendesha saa hizi, mwaka 2018, na inafanya kazi kuanzia toleo la Series 1, kwa hiyo hata saa kuukuu inaweza. Unamtumia mwenzio mwaliko, akikubali mnabaki mmeunganishwa. Ukitaka kusema unabonyeza kitufe cha njano, unakishikilia, unasema, unaachia. Haiiti wala haipokelewi. Mwenzio akiwa amejiweka hewani, sauti yako inamtokea hapohapo.

Na hapo ndipo iliponipata mimi. Nimezama kwenye unga wa maandazi mpaka viwiko, nasikia mkononi, "Mama Salma, jodari hakuna, kolekole wapo wakubwa, nichukue?" Sijagusa kitu, na habari ninayo. Kujibu ndiyo kunataka kidole, na kioo hakipendi kidole chenye maji wala mafuta. Dawa yake ipo kwenye mipangilio: unaweza kuchagua kugusa mara moja ndipo useme, kisha unagusa tena ukimaliza, badala ya kushikilia muda wote. Mimi nagusa kwa kidole cha mwisho, maana ndicho pekee kinachobaki kisafi.

Sasa jambo ambalo watu wa saa hawakwambii: inaongea kwa spika, mbele za watu. Siku moja kolekole mzuri amepandishwa mnadani, Baba Salma kaniuliza, nami kwa sauti yangu ya jikoni nikamjibu, "Fika mpaka elfu tisini, usizidi hapo!" Bei ilikuwa bado iko sitini. Dalali akageuka na kikaratasi chake: "Tisini imesikika! Shehe, mama keshakubali, toa pesa!" Watu wakacheka pale mpaka wabeba matenga. Tulilipa tisini.

Siku hizi bei naisema kwa barabara za Ngamiani, si zina namba? "Pitia Barabara ya Saba" ni elfu sabini, haizidi. Inafanya kazi vizuri, ingawa dalali yuleyule ameshaanza kumuuliza Baba Salma kwani sisi tuna ndugu kila barabara.

Kwa hiyo maneno ya siri, ya deni la mtu au ya mgonjwa, piga simu. Hapa ni mahali pa "binzari imeisha" na "gari la kreti limefika". Jambo refu pia halifai, maana hakuna kinachohifadhiwa. Ukilikosa umelikosa, si kama sauti za WhatsApp unazorudia mara tatu. Mimi kwa orodha ya soko bado naandika.

Adabu yake nayo ujifunze. Kuiweka saa kimya hakutoshi, sauti ya mwenzio bado itatoka. Baba Salma akienda msikitini au msibani anazima ile swichi ya kuwa hewani, au anaweka hali ya ukumbini (Theater Mode), inayomtoa hewani yenyewe. Nikimtafuta wakati huo naambiwa hapatikani, na yeye akirudi anakuta taarifa kwamba nilimtafuta.

Kuna anayeogopa kusikilizwa bila kujua, na hofu hiyo ina asili yake. Julai 2019 Apple wenyewe waliizima huduma hii dunia nzima kwa sababu ya kasoro ambayo ingeweza kumruhusu mtu asikilize kupitia iPhone ya mwingine bila ridhaa yake. Wakairudisha mwezi huohuo na watchOS 5.3. Kwangu yaliisha hapo, lakini saa ya mtumba hakikisha imesasishwa.

Halafu ujue hii siyo redio ya kweli. Sauti inapita kwenye intaneti kwa njia ya FaceTime, ile huduma ya Apple ya kupigiana kwa intaneti, kwa hiyo bila bando au Wi-Fi hakuna kitu, na simu lazima iwe karibu na saa kama saa yenyewe haina laini wala haijashika Wi-Fi. Faida yake ni kwamba umbali si hoja: akiwa Muheza kufuata machungwa namsikia kama yuko uani, mradi mtandao upo. Ukikatika, walinzi wa jirani na redio zao wanatushinda.

Betri ya saa za ukoo wa zetu Apple walisema hadi saa 18. Za kwetu ni za zamani, tunachaji kila usiku bila mjadala.

Kwenda dukani kununua saa mbili kwa ajili ya hili tu, hapana, fedha hiyo ni ya majiko mawili ya gesi. Kama saa mnazo tayari, iwasheni leo. Mwenye Android aitafute programu ya Zello, inaingia kwenye simu za aina zote mbili na haidai saa. Na ukinunua Apple Watch ya mtumba, muuzaji aiondoe kwenye akaunti yake mbele ya macho yako kabla hujatoa hela. Ikibaki imefungwa kwa jina lake, hutaweza kuiunganisha na simu yako.