Tairi za Prado inayovuta tela la jiko: nilichonunua baada ya kupasukiwa njia ya Morogoro

Nina Prado ya 2006, ya dizeli, na nyuma yake navuta tela la jiko. Kazi yangu ni chakula cha shughuli, harusi, send-off, kipaimara, mikutano, na nyingi ni hapahapa Dar lakini kila mwezi lazima nitoke mara mbili tatu, Bagamoyo, Kibaha, Morogoro, na siku nyingine Kimbiji kule ufukweni. Kwa hiyo ninachoandika hapa ni cha mtu anayevuta mzigo kweli, siyo wa kuendesha Masaki kwenda Posta na kurudi.

Julai 2024 nilikuwa naenda Morogoro na wasichana wangu wawili, nimeshapita Mlandizi natafuta Chalinze, saa nane mchana, lami inatoa moshi, nikasikia mlio kama wa debe limekanyagwa, usukani ukawa mzito ghafla na tela likaanza kunichezea nyuma, linavuta mkia kushoto linarudi kulia, na mbele yangu kuna basi linakuja. Nashukuru Mungu sikukanyaga breki, niliachia tu mafuta nikashika usukani kwa mikono miwili mpaka gari ikapoa yenyewe pembeni. Tairi ya nyuma kushoto ya Prado haikuwepo tena, kulikuwa na rimu na nyuzi za waya zimening'inia. Tulifika kwa wenye shughuli tumechelewa saa mbili, mama mwenye harusi alinipokea vizuri lakini mimi mwenyewe nilikuwa natetemeka hata kisu sikishiki.

Fundi tairi aliyeletwa na bodaboda pale njiani ndiye aliyenifungua macho. Aliichukua ile tairi nyingine ya nyuma ambayo haijapasuka, akaibonyeza kwa kidole gumba katikati ya kashata, yale meno ya tairi yanayokanyaga barabara, ikafunguka mipasuko midogomidogo kama kisigino cha mtu anayelima pekupeku. Halafu akafuta vumbi pembeni akanionyesha namba nne ndani ya kiduara kirefu mwishoni mwa maandishi ya DOT, 3814. Akaniambia dada, hii imetengenezwa wiki ya 38 mwaka 2014, ina miaka kumi, imekufa siku nyingi wewe hukuambiwa tu. Na mimi nilikuwa nimeinunua mwaka mmoja tu nyuma, nimeambiwa ni mtumba safi toka Dubai haina hata mwaka barabarani, na kwa macho ilikuwa inang'aa kweli, kumbe ule weusi ni wa kupakwa. Kashata zilikuwa ndefu. Ndiyo maana nasema tairi usiiangalie kashata kwanza, soma tarehe kwanza.

Niliporudi Dar nikaanza kuuliza, na kila niliyemuuliza, kuanzia madereva wa pale Ubungo hadi shemeji yangu mwenye Hilux, jibu lilikuwa moja, wewe unavuta tela weka plai kumi, LT, zile ngumu za magari ya mzigo, hutapasukiwa tena. Nilikaribia kununua. Kilichonizuia ni bei kwanza, halafu fundi wangu wa gari, mzee mmoja mtulivu, akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: dada, tela lako lina kilo ngapi? Nikamwambia sijui, ni la kawaida tu. Akasema basi huwezi kununua tairi kama hujui zinabeba nini.

Kuna kiwanda njia ya Pugu kina mizani ya malori, nikaomba, nikalipa elfu kumi, wakaniruhusu kupima mara tatu. Nilibeba kila kitu kama naenda kazini: jiko la plate nne, mitungi miwili ya gesi ya kilo 38, jenereta, friji, masufuria, meza za kukunja na tanki la maji la lita 200 limejaa. Ekseli ya nyuma ya Prado, tela likiwa limefungwa na watu tumo ndani, ilikuja kilo 1,490. Magurudumu ya tela peke yake, kilo 1,180. Na uzito ambao tela linaukalia kwenye ndoano ya gari ulikuwa kama kilo 120, ambao fundi alisema uko sawa maana inatakiwa iwe karibu sehemu moja ya kumi ya tela zima, ikiwa ndogo sana tela linayumba, ikiwa kubwa sana gari inakaa chini nyuma na mbele inakuwa nyepesi.

Sasa hapa ndiyo pa kusoma vizuri. Saizi ya Prado yangu ni 265/65R17, na baada ya saizi kuna namba nyingine ambayo sisi wengi tunaipita tu, ya kwangu ni 112 na herufi pembeni. Hiyo 112 ndiyo uzito, maana yake tairi moja inabeba kilo 1,120. Herufi ni spidi, S ni kilomita 180 kwa saa na mimi na tela sizidi 80, kwa hiyo hiyo haikunisumbua. Tairi mbili za nyuma za 112 ni kilo 2,240, na mzigo wangu ni 1,490. Yaani tairi za kawaida za saizi ileile zinatosha na chenji inabaki. Hizo LT walizokuwa wananisukumia zimeandikwa 120, ni kilo 1,400 kwa tairi moja, lakini huo uzito zinaubeba zikijazwa upepo wa PSI 80 (PSI ndiyo kipimo cha upepo), ukizijaza 36 kama tulivyozoea hupati hiyo nguvu uliyoilipia, unapata tairi nzito, ngumu, inayokudundisha Goba nzima siku ambazo huna tela. Kwa mtu anayebeba mawe au anayeishi porini sawa, lakini kwangu mimi ilikuwa ni kulipia kitu nisichokihitaji.

Kilichoniumiza ni tela. Tairi zake zilikuwa ndizo nzuri kuliko zote kwa macho, zilikuja na tela zikiwa mpya kabisa, kashata kama haijaguswa, na sikuwahi kuzifikiria hata siku moja. Saizi 175/70R13, namba 82. Fundi akaniambia 82 ni kilo 475. Mbili ni 950. Na mzigo ni 1,180! Yaani zaidi ya kilo 200 juu ya uwezo wake kila safari, miaka miwili, Morogoro kwenda na kurudi. Ni tairi za gari ndogo ya kutembelea, aliyenitengenezea tela alifunga alichokuwa nacho na mimi sikuuliza. Tulipolala chini na tochi tukaona upande wa ndani wa moja limeanza kutoa uvimbe kama yai. Nilikaa kimya pale chini muda mrefu kidogo, nikiwawaza wale wasichana.

Basi manunuzi yakaanza upya na sasa najua naomba nini. Nilizunguka siku mbili, Kariakoo, Ilala, halafu barabara ya Nyerere. Tofauti ya maduka unaiona pale unaposema naomba nione tarehe, kuna wanaoshusha tairi bila neno na kuna wanaoanza kukwambia dada tairi haiozi. Duka moja walinitolea tairi mpya kabisa, karatasi haijatoka, imeandikwa 2620, imekaa ghalani miaka minne, bei ileile ya mpya. Siyo kwamba haifai kabisa lakini kwa nini nilipe bei kamili ya tairi ambayo nusu ya maisha yake imeisha kwenye rafu. Mwisho nikapata Yokohama Geolandar A/T, yaani za lami na vumbi, zenye 0924, 112H, laki tano na ishirini moja baada ya kuvutana kutoka laki tano na nusu.

Nilishauriwa ninunue mbili tu za nyuma nipunguze gharama. Kwa Prado usikubali hilo, hii gari inazungusha magurudumu yote manne muda wote, ukiweka mbili mpya zenye kimo kikubwa na mbili zilizolika, zinazunguka kwa kasi tofauti na ile difu ya katikati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, ndiyo inayoteseka, na difu siyo ya bei ya tairi. Nikanunua tano na spea ikiwemo, nikafunga mkanda mambo mengine yasubiri. Niliangalia pia HT, zile laini za lami, kimya zaidi na bei imepoa kidogo, na kama kazi yangu yote ingekuwa lami ningechukua hizo. MT za kashata kubwa sikuzitaka hata kidogo, zinapendeza kwenye picha ila zinalia kama trekta na kwenye lami yenye maji, una tela nyuma, breki zake siyo za kuamini.

Kwa tela nikaweka 185R14C, namba 102, kilo 850 kila moja, hiyo C ni ya magari ya mzigo. Hapa jiandae mfuko maana rimu za 13 haziingii, na rimu za 14 nilizopata zilikuwa na tundu tano wakati tela lilikuwa na tundu nne, ikabidi fundi wa tela abadilishe habu zote mbili, vile vitovu vinavyoshika rimu, na beringi zake. Tairi tatu, ya spea ikiwemo, zilikuwa laki moja na sitini na tano kila moja, rimu na habu zikanila karibu hela hiyohiyo tena. Hii ndiyo hela ambayo sijutii hata shilingi.

Sasa miezi tisa imepita, kama kilomita elfu kumi na moja, na zaidi ya nusu ni na tela. Kwenye mvua za masika hizi tairi zimenishangaza, njia ya kwangu ina mteremko wa udongo mwekundu ambao zamani nilikuwa naweka lo, ile gia nzito ya kupandia, na kusali, sasa napanda taratibu bila kuteleza. Kwenye lami ya maji kuanzia Kibamba kwenda Kibaha gari imetulia na tela linafuata kama limeshikwa mkono. Kimbiji kwenye mchanga nilishusha upepo hadi 18 nikatoka mwenyewe na tela bila kusukumwa, nina pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari, narudishia upepo kabla ya kugusa lami.

Kasoro zipo. Zinavuma, siyo sana ila kuanzia 70 hivi unasikia mvumo ambao tairi za zamani hazikuwa nao. Mafuta naona yanaenda kidogo zaidi. Na zinaokota kokoto, nikitoka barabara ya vumbi lazima nizisikie zinagonga chini mpaka zitoke, moja nilienda kuichokoa na bisibisi.

Upepo ndiyo kitu nilichokuwa nakosea kuliko vyote. Nilikuwa naenda kujaza mchana gari imeshatembea, kijana anajaza kwa kupiga teke tairi na kusema tayari mama. Siku hizi nina kipimo changu, napima alfajiri nyumbani tairi ikiwa baridi, mbele 34, nyuma 38 nikiwa na tela, bila tela nashusha nyuma nirudi kwenye namba za kile kibandiko cha mlango wa dereva, na tela naweka 50. Halafu nikitembea saa moja nasimama napima tena, za gari zikiwa zimepanda kama nne hivi, 38 imekuwa 42, nina amani. Ikipanda sana maana yake nilianza na upepo mdogo au mzigo umezidi, tairi inajikunja sana na kuchemka. Zikiwa na joto usizipunguze, utakuwa unazidisha tatizo. Ile tairi yangu iliyopasuka naamini iliuawa na vitu viwili, uzee na upepo mdogo, na lile jua likamalizia.

Na maji siyabebi tena. Lita 200 ni kilo 200, nilikuwa nayasafirisha kilomita karibu 190 kwenda Morogoro ambako maji yapo. Sasa tanki linaenda tupu najaza nikifika, magurudumu ya tela yameshuka chini ya kilo elfu moja bila kununua chochote.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na harusi Morogoro tena. Nikasimama Chalinze, wasichana wakashuka kununua mahindi, mimi nikazunguka na kipimo changu, nikaweka kiganja kwenye tairi za tela moja baada ya nyingine. Zilikuwa na uvuguvugu tu. Ila habu ya kulia ilikuwa ya moto kuliko ya kushoto, kwa hiyo wiki hii nampelekea fundi aangalie zile beringi kama zimekazwa sana au grisi imepungua.