Spika ya omu 32 au ya omu 300?

Anayejiundia visikilizio vyake hakosi kufika kwenye mtihani huu. Ganda ni lile lile la mtindo wa MX500 (umbo la kisikilizio cha Sennheiser), kipenyo cha spika ndani yake ni kile kile cha milimita 15.4, ila moja ya omu 32 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) na nyengine ya omu 300. Nimeunda zote mbili nyumbani Mlandege, feni imezimwa isije ikanipeperushia pamba.

Ya 32 haina makuu. Ichomeke kwenye simu, sauti nusu tu, dumbaki ya taarab imekujaa. Ya 300 kwa simu hiyo hiyo inanong'ona: volti hazikubadilika, ukinzani umezidi mara tisa, basi nguvu inayoifikia ni kiduchu. Inataka amplifaya. Ukiipa, yangu mimi kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, inasikika uzi kwa uzi na fidla haziifuniki (si kazi ya omu peke yake, utando unaotikisika ndani ya spika nao una lake).

Kulehemu ndiko kwenye kazi. Waya wa koili ya 300 ni mwembamba mno; nilizubaa na chuma cha moto, ukakatika, spika ikaenda na maji. Ya 32 inavumilia. Zote lakini ukigeuza chanya na hasi upande mmoja, besi inatoweka na mwimbaji hujui kasimama wapi.

Kurekebisha sauti karibu hakutofautiani: pamba kidogo kwenye matundu ya nyuma, sponji mbele. Sponji huongeza besi, na ya 32 besi inayo tayari, kwa hiyo sponji yake naivua.

Huna amplifaya? Chukua ya 32. Ndiyo ninayopandia daladala ya Bububu. Ya 300 haitoki mezani.