Mnarani au mstarini: nani aangalie usalama kwenye shabaha?

Katika viwanja vya shabaha vya jeshi la Marekani, usalama unasimamiwa sehemu mbili. Kwanza mnarani: ofisa huona mstari wote wa wapigaji, hutoa amri kwa kipaza sauti, na bendera nyekundu hupepea muda wote risasi zinapopigwa. Akisema sitisha, kila bunduki hunyamaza. Lakini kwa umbali ule haoni kidole kilichosahaulika kwenye kifyatulio, wala risasi iliyobaki chemba, yaani ndani ya bunduki tayari kufyatuliwa.

Pili ni mstarini: msaidizi wa usalama aliyesimama nyuma ya wapigaji huyaona hayo. Kuruta bunduki ikimkwama, mara nyingi hugeuka kuuliza, na mtutu hugeuka naye! Hapo mkono wa msaidizi aliye karibu huwahi kuliko kipaza sauti. Udhaifu wake ni kwamba anaangalia nafasi chache tu za wapigaji alizopangiwa. Gari likiingia upande wa pili wa uwanja, halioni. Pia huchoka, na jua halimsaidii.

Kwa askari wazoefu wanaopiga wamelala, mnara na wasaidizi wachache watatosha. Kwa makuruta, ningepunguza wapigaji kabla ya kupunguza wasaidizi. Na popote pale, yeyote akiona hatari ana ruhusa ya kupaza sauti ya kusitisha, hata awe kuruta.