Ukiifuata Mashujaa Tabora, kula hapa: maoni ya mweka hazina asiyekunywa bia

Baa ninayoisifia hapa siwezi kuwatajia jina, kwa sababu kibao chake kimeliwa na jua la Tabora, imebaki nembo ya bia na mshale unaoonyesha mlango. Mwambie bodaboda akupeleke baa ya miembe, upande wa nyuma wa Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi. Anajua. Kwa miguu kutoka getini ni mwendo wa kumaliza karanga za mia tano.

Mimi ni mweka hazina wa tawi letu la mashabiki wa Mashujaa, timu yetu ya mpira hapa Kigoma. Riziki yangu ni dagaa, mwaloni Kibirizi, na mtu wa dagaa hesabu haimpiti. Bia sinywi. Anayetaka kujua kama bia zao ni baridi, wenzangu wanasema ni baridi, na wakisema hivyo huwa wanaongeza ya pili, basi tuyaishie hapo. Mimi nikiingia baa naangalia jiko, choo na karatasi ya bili.

Kwa nini nahangaika na jambo hili? Kwa sababu tangu msimu wa 2023/24, Mashujaa na timu ya Tabora zilipopanda Ligi Kuu pamoja, Tabora imekuwa ugenini wetu wa jirani. Jirani kwa maana ya Kigoma, maana ni kama kilomita 400 kwa reli. Mwanza, Mbeya, Dar, huko wanakwenda wenye nafasi na wenye shemeji. Tabora wanakwenda mama lishe, mafundi, wavuvi, vijana wa bodaboda, wote wamechanga kidogo kidogo kwangu mpaka daftari limejaa. Hela ya namna hiyo hairuhusiwi kupotelea kwenye sahani ya kuku asiyeiva.

Tuanze na usafiri, ingawa si ndiyo nimekuja kuusifia. Treni ya reli ya kati ndiyo raha yenyewe. Reli hii Wajerumani waliifikisha Tabora 1912 na Kigoma 1914, na mpaka leo ukikaa dirishani unaisoma nchi kwa vitu vinavyouzwa stesheni: Uvinza chumvi, mbele huko Kaliua na Urambo asali kwenye chupa za maji na kuku wa kukaanga kwenye beseni. Mzigo wako wa dagaa unasafiri nao, hakuna kondakta wa kukukunjia uso kwa harufu. Ila treni haipo kila siku, na ratiba ya ligi haipangwi kwa kuangalia ratiba ya reli. Siku ya treni ikiangukia vizuri kabla ya mechi, pandeni, msifikirie mara mbili. Isipoangukia, kodini Coaster. Reli mpya ya SGR ya Tabora hadi Kigoma mkataba wake ulisainiwa 2022. Siku ikianza kazi nitaandika upya aya hii kwa furaha.

Kuhusu Coaster nina maneno mawili. La kwanza, kabla ya kutoa hela dai kuona kibali cha safari ya kukodi. Tuliwahi kusimamishwa njiani kwa sababu mwenye gari, simtaji, alikuwa na kibali cha maneno tu, na wimbo wote tuliotoka nao Mwanga, hapa Kigoma, ukaishia hapo barabarani. La pili, mlipe nusu kwanza na nusu mkirudi. Dereva aliyelipwa yote hana haraka ya kuwatafuta mechi ikiisha.

Sasa baa.

Uzuri wa kwanza ni kwamba jiko limetengana na kaunta, na mwenye jiko ni mama mtu mzima anayejitegemea. Analipa pango lake hapo, hachukui amri ya kaunta, na ukitaka chakula unaongea na yeye. Mara ya kwanza nilipompigia simu aliuliza mambo ambayo sijawahi kuulizwa na mgahawa wowote wa Kigoma.

"Mko wangapi, mwanangu?"

"Thelathini na mmoja, mama, na dereva."

"Dereva anakula kabla au baada?"

Hapo nikajua nimepata mtu. Dereva anakula kabla na analala. Mama aliniambia nitume nusu ya hela, na akasema wazi kwamba bila hiyo nusu hachinji. Sikuchukia hata kidogo. Kuku wa kienyeji anayechinjwa kwa ahadi za mashabiki ni hasara ya mtu, na mimi ningefanya vilevile na dagaa wangu.

Mpango wake uko hivi. Mkifika asubuhi kuna supu, ya ng'ombe au makongoro, na chapati zinatoka jikoni moto, siyo zile zilizolala chini ya kitambaa tangu alfajiri. Supu elfu tatu, chapati mia tano, hizo ndizo bei nilizolipa. Kisha anakuja na kalamu, anaandika nani anataka nini baada ya mechi: kuku rosti, mishkaki, nyama ya mbuzi, ugali au ndizi za kuchoma, na mboga. Mechi ikianza saa kumi, filimbi ya mwisho inalia karibu saa kumi na mbili, na mkirudi pale mnakuta sahani zinapangwa. Yeyote aliyewahi kutoka uwanjani na watu thelathini wenye njaa, halafu akaambiwa "subirini tuwashe mkaa", atanielewa nalipima jambo hili kwa uzito gani. Baa nyingi zinazozunguka viwanja zinaishi kwa kabla ya mechi. Baada ya mechi wahudumu wamechoka, nyama imebaki mifupa, na mgeni aliyefungwa anahudumiwa kama amekuja kukopa. Pale kwenye miembe hawako hivyo.

Kuku wake ni mgumu kidogo, wa kienyeji kweli, rosti yake ina nyanya nyingi na haijazama kwenye mafuta. Mbuzi ni wa kawaida. Mishkaki nasema iacheni, inakauka. Lakini mlenda wa karanga! Kwetu Kigoma tumezoea mboga ikiwa na rangi ya mawese, hivyo mwanzoni wenzangu walimwangalia mama kama amewaletea dawa. Bakuli ziliporudi jikoni hazikuhitaji kuoshwa sana. Siku nyingine alitupa matobolwa na chai bila kuyatia kwenye bili, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na mzee wetu wa tawi asiye na meno ya kutosha akayanyonya mpaka Urambo.

Nimewahi kumpelekea kilo mbili za dagaa wa Kigoma. Alizinusa, akauliza bei ya gunia. Tukaanza biashara pale pale, kwa hiyo msomaji ajue kwamba nina maslahi kidogo na jiko lile. Hata hivyo bili yangu haijawahi kupunguzwa hata shilingi.

Utani wa pale ni wa kiungwana. Tunavaa jezi zetu waziwazi, hatuzifichi chini ya koti. Mzee mmoja wa mtaa wa jirani, ambaye kiti chake kiko chini ya mwembe mkubwa na hakikaliwi na mtu mwingine, alitupokea hivi: "Mmekuja na dagaa au mmekuja na timu?" Nikamjibu, "Vyote, baba. Dagaa unalipia hapa, timu unalipia getini." Akacheka, akaagiza soda kwa ajili yangu. Vijana wetu wakaanza kumkumbusha Agosti 2023, timu yao ikiitwa bado Kitayosce, ilipokwenda Chamazi na wachezaji wanane na mchezo ukavunjika Azam wakiwa mbele 4-0. Mzee akawaacha wamalize. Halafu akauliza polepole ni nani aliyeifunga Yanga 3-1 kwao Novemba 2024. Kimya kidogo, maana nusu ya tawi letu wana Yanga moyoni, na wengine wote ni Simba waliokuwa wameshamshangilia huyo huyo Nyuki wa Tabora, yaani timu ya mzee, siku ile. Sisi wa mikoani tuna ndoa mbili kwenye mpira, na baa nzuri ni ile isiyowauliza watu ipi ni ya kwanza.

Hilo linanileta kwenye luninga. Ziko mbili, moja ndani na moja nje chini ya bati. Ya nje jua la saa tisa linaipiga usoni, huoni kitu, unasikia mtangazaji tu. Ukitaka kuangalia mechi nyingine za siku hiyo, kaa ndani na vumilia joto. Umeme ukikatika jenereta linawashwa haraka, ila limewekwa karibu mno na meza za familia, na moshi wake unakwenda moja kwa moja kwa wanaokula. Nimemwambia mwenye baa. Amesema atalihamisha. Amesema.

Muziki ni tatizo. Mchana ni wa kiasi, lakini jioni ikiingia anakuja kijana mwenye spika, na tangu hapo mazungumzo ni ya mikono. Kama mna kikao cha tawi au mnataka kugawana nauli, fanyeni kabla ya saa moja usiku.

Choo nakiandika kwa kirefu kwa sababu wanaume wanaoandika kuhusu baa huwa hawakiandiki kabisa. Cha wanawake kiko peke yake, kina mlango wenye komeo linalofunga, ndoo ya maji iliyojaa, na ufunguo unachukuliwa kwa mama wa jikoni, si kwa kijana wa kaunta. Taa ipo. Mara zote nilizoingia sabuni ilikuwepo, kipande, lakini kipo. Tawi letu lina wanawake wengi kuliko mnavyodhani, na kabla ya kupata baa hii kuna waliokuwa hawanywi hata maji tangu asubuhi wakiogopa vyoo vya ugenini. Mtu anasafiri usiku mzima kuishangilia timu yake halafu anakaa na kiu. Kwa hili peke yake baa ya miembe nimeipa nyota zake zote, na hizo za jenereta na spika nitazipunguza kwingine.

Bili sasa. Inaandikwa kwa meza, kwa jina la mtu mmoja, kwenye daftari lenye kaboni, nakala moja unabaki nayo. Nimezoea kuletewa jumla tu, kiasi kikubwa cha duara, na nikiuliza naambiwa "dada, vijana wako wamekunywa". Pale kila chupa ina mstari wake. Mtu wetu mmoja aliyedai hajanywa ya nne alionyeshwa ya nne, na mbele yake saa iliandikwa. Kulipa kwa simu kunawezekana, lakini makato yanakuwa juu yako, hivyo bebeni taslimu ya noti ndogo. Chenji ni shida; noti ya elfu kumi inazunguka mtaa mzima kutafuta wenzake.

Kulala, kwa kifupi. Mwenye uwezo ana Orion, lile jengo la enzi ya Wajerumani karibu na stesheni, zuri hata kwa kulitazama. Sisi wa elfu kumi na tano tuna gesti za mitaa ya Kanyenye na Isevya. Angalia neti kama haijatoboka, fungua bomba uone maji, ndipo uandike jina kitabuni. Kama mmekuja na Coaster na wote wana nguvu, mnaweza kurudi usiku huo huo, maana mabasi yenyewe yaliruhusiwa tena kusafiri usiku tangu Oktoba 2023. Mimi napendelea kulala. Asubuhi napita sokoni, nachukua asali. Itikise chupa kwanza, na ukiona inacheza kama maji, rudisha.

Matokeo ya uwanjani siyaandiki, hayo mnayo kwenye simu zenu. Nimekula pale tukiwa tumeshinda na nimekula tukiwa tumefungwa, rosti haikubadilika, na mama wa jikoni alitupa pole fupi, si ile pole ndefu ya kukuchoma.

Kwa anayepanga msimu ujao: mkizidi ishirini, mpigie mama siku mbili kabla, umtumie nusu, na umtajie dereva. Wasiokula kuku waseme mapema, kwa sababu akishaandika harudi nyuma. Namba yake siiweki hadharani. Njoo Kibirizi asubuhi, uliza mweka hazina wa Mapigo na Mwendo, ndiyo Mashujaa hao hao, nitakupa, na kama unakwenda na gari lenye nafasi kuna gunia langu moja la kumpelekea.