Mtambo gani wa kugeuza taka kuwa nishati ununue? Sita kwa mpangilio, kuanzia unaofaa zaidi

Kabla hujauliza bei, pima taka zako. Chukua ndoo na mizani, na kwa wiki mbili andika kila siku umepata kilo ngapi za samadi, mabaki ya jikoni, pumba au maranda, na kama ni mbichi au kavu. Namba hizo ndizo zitakazochagua mtambo. Muuzaji ataanza na ukubwa wa mashine yake, na mnunuzi akishavutiwa huondoka na chombo kinachotaka kilo 100 kwa siku wakati zizi lake linatoa 30. Mtambo wenye njaa hauzalishi kitu, hata ukiwa umetengenezwa vizuri kiasi gani.

Nimeipanga mitambo hii kwa kufikiria kaya au biashara ndogo. Nimetanguliza inayotoa nishati kila siku kwa kazi kidogo, kisha nikaangalia usalama, kisha kama fundi wa kawaida anaweza kuitengeneza ikiharibika.

1. Mtambo wa biogesi

Mwenye ng'ombe wawili au watatu wanaolala zizini na maji ya kutosha asisumbuke kusoma hadi mwisho: anunue huu. Ndani ya mtambo hufanyika kazi ileile inayofanyika tumboni mwa ng'ombe. Bakteria wanaoishi pasipo hewa huvunja samadi na kutoa gesi ambayo asilimia 50 hadi 70 ni methani, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni kabonidioksidi. Kinachotoka upande wa pili ni rojo ambalo bado lina naitrojeni, fosforasi na potasiamu zake, yaani mbolea. Katika orodha hii hakuna mtambo mwingine unaokupa moto bila kulinyima shamba chakula chake.

Hesabu yake ni rahisi. Kilo moja ya samadi mbichi ya ng'ombe hutoa lita 30 hadi 40 za gesi. Kilo 25 kwa siku zinakupa karibu mita moja ya ujazo, na jiko la plati moja hutumia lita 300 hivi kwa saa, kwa hiyo utapika takriban saa tatu. Mita hiyo moja ina nguvu inayokaribia nusu kilo ya gesi ya mtungi. Muuzaji akikuambia mtambo huohuo utapika, utawasha taa za nyumba nzima na kuendesha jenereta, mwombe kalamu mpige hesabu pamoja, maana kwenye jenereta ndogo mita ya ujazo haitoi zaidi ya uniti moja na nusu hadi mbili za umeme.

Ukubwa nao unapigiwa hesabu. Kilo 25 za samadi huchanganywa na lita 25 za maji, jumla lita 50 kwa siku. Mahali penye joto la wastani, rojo linahitaji kukaa ndani siku 50 hivi ili lichachuke vizuri, kwa hiyo unahitaji nafasi ya lita 2,500 za rojo, na juu yake nafasi ya gesi. Mtambo wa mita 4 za ujazo unatosha. Uliza wazi: mita hizo ni za rojo peke yake au pamoja na gesi? Wauzaji wawili wanaweza kutaja namba moja wakimaanisha vitu viwili tofauti. Uliza pia kuhusu baridi. Bakteria hawa hufanya kazi vizuri zaidi karibu na nyuzi 35 za Selsiasi, na chini ya nyuzi 15 gesi hupungua sana. Anayeishi penye baridi kali ahakikishe mtambo umefukiwa au umefunikwa, la sivyo aende kwenye namba mbili.

Utakutana na aina tatu.

Kuba ya kujengwa ardhini ndiyo ninayoipendekeza kwa mwenye nyumba yake mwenyewe. Asili yake ni China. Haina chuma cha kushika kutu wala kifaa kinachocheza, na ikijengwa vizuri huishi miaka 20 au zaidi. Lakini yote yanamtegemea fundi mwashi. China ilijenga mamilioni ya mitambo ya namna hii katika miaka ya 1970, na mingi ikashindwa kwa sababu ilijengwa harakaharaka na kuta zikavuja. Gesi hupenya pale ambapo maji hayapenyi, kwa hiyo lipu ya ndani ya kuba inahitaji mkono uliozoea kazi hiyo hasa, tofauti na ule wa kujenga matangi ya maji. Usimlipe fundi kiasi cha mwisho kabla ya kipimo cha shinikizo. Bomba la plastiki linaloonyesha ndani, lililopindwa na kutiwa maji, linatosha: jaza shinikizo, weka alama usawa wa maji, funga vali, rudi kesho yake saa ileile. Maji yakiwa yameshuka sana, kuna mahali panavuja, na povu la sabuni litakuonyesha kama ni kwenye maungio ya mabomba.

Ngoma inayoelea ndiyo iliyosambazwa India na Tume ya Khadi na Viwanda vya Vijiji kuanzia miaka ya 1960. Uzuri wake ni kwamba unaiona gesi: ngoma ikipanda ipo, ikishuka imeisha, na shinikizo halibadilikibadiliki. Ubaya ni kutu, kwa sababu ndani ya biogesi kuna haidrojeni salfaidi inayokula chuma. Ukiipata ya fibaglasi au plastiki nene, ni chaguo zuri, hasa kwa mabaki ya jikoni. Chakula kilichobaki hutoa gesi mara mbili au tatu ya samadi kwa kila kilo, kwa sababu ng'ombe hajachukua nguvu yake kwanza. Ila usiuanzishe kwa mabaki hayo. Anza na samadi ili bakteria waingie, kisha zoesha polepole, maana chakula kingi kwa mara moja hugeuza rojo kuwa asidi na gesi hukoma. Wengi huutukana mtambo wakati kosa ni la ulishaji.

Mfuko wa plastiki au turubai ni rahisi na hufungwa ndani ya siku moja. Unamfaa mpangaji, au mtu anayetaka kujaribu kwanza. Jua huuchosha, mifugo huutoboa, na shinikizo lake ni dogo kiasi kwamba utalazimika kuweka mzigo juu ili moto upande. Dai dhamana ya maandishi inayotaja mionzi ya jua, jenga uzio na ezeka kivuli siku hiyohiyo.

Kwa aina yoyote, bei iwe pamoja na vali kuu, mtego wa maji kwenye bomba, kichungi cha haidrojeni salfaidi (nyuzi za chuma zenye kutu hufanya kazi hiyo vizuri) na jiko lililotengenezwa kwa biogesi. Jiko la gesi ya mtungi lina tundu dogo mno, na moto wake utakuwa hafifu mpaka litanuliwe. Muuzaji naye asiondoke akakuacha na gesi ya kwanza. Huchukua wiki kadhaa kutokea, mara nyingi haiwaki kwa sababu imejaa kabonidioksidi na hewa, na hiyo hewa ndiyo hatari yenyewe: methani ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ndani ya hewa hulipuka. Huachiliwa nje, mbali na moto. Na mtu yeyote asiingie ndani ya mtambo kusafisha bila vifaa na bila usimamizi, hata kama umekaa wazi. Watu wamekufa ndani ya mashimo haya, na waliowafuata kuwaokoa nao wakafa.

2. Mashine ya briketi

Asiye na mifugo lakini ana chenga za mkaa, maranda, pumba au maganda makavu kwa wingi, aje hapa. Kwa anayetaka kuuza nishati, naona hata inazidi biogesi, kwa sababu briketi, yaani vipande vya taka zilizobanwa vinavyochomwa kama mkaa, hufungwa kwenye gunia na kusafirishwa.

Tenganisha kwanza njia mbili. Ya kwanza ni kubana taka kavu kwa nguvu kubwa bila gundi. Shinikizo na joto hulainisha lignini, gundi ya asili iliyomo ndani ya mti, na vumbi likashikana lenyewe. Unyevu uwe asilimia 8 hadi 12. Ukizidi, mvuke huipasua briketi inapotoka. Ya pili ni kuchoma taka kwanza ziwe mkaa, kusaga, kuchanganya na uji wa wanga, kisha kubana. Vumbi la mkaa limekwisha kupoteza lignini yake, kwa hiyo bila gundi halishikani hata kwa mashine kubwa. Anayekuuzia mashine ya mkono akidai itabana chenga za mkaa bila gundi, muage.

Kwa mwanzo nachagua njia ya pili, kwa mashine ya skrubu yenye mota ndogo. Mtumiaji wa mkaa hahitaji kubadilisha jiko, na moshi ni mdogo. Kagua skrubu kabla ya rangi ya mashine. Pumba za mpunga zina majivu ya asilimia 15 hadi 20, mengi yakiwa silika (madini yaliyomo kwenye mchanga), na silika husaga chuma. Kwenye mashine za kubana pumba kavu kwa joto, skrubu isiyofunikwa kwa chuma kigumu inaweza kuchakaa baada ya saa chache tu za kazi. Kwa hiyo nunua ikiwa na skrubu ya akiba, na uhakikishe yupo fundi wa kuichomelea upya karibu nawe.

Wanunuzi wengi husahau kukausha. Mashine inaweza kutoa kilo 100 kwa saa, lakini briketi za gundi hutoka mbichi na zinataka siku kadhaa za jua au banda lenye trei. Bila nafasi hiyo, mota itakuwa imezimwa muda mwingi. Nenda kwa muuzaji na gunia la malighafi yako mwenyewe, akubanie mbele yako. Zikishakauka, angusha moja kutoka usawa wa kifua: ikivunjika vipande vingi, haitafika sokoni. Washa nyingine uangalie moshi na majivu. Briketi iliyotiwa udongo mwingi ili iwe nzito huonekana hapo. Na kumbuka kwamba mkaa wowote, wa mti au wa taka, hutoa kabonimonoksaidi isiyo na harufu, kwa hiyo usiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa.

3. Jiko la gesi ya kuni

Hili nimeliweka la tatu kwa sababu haligeuzi taka zote, ila kwa mwenye bajeti ndogo ndilo la kwanza. Vijiti, magunzi au peleti (punje ndogo za maranda yaliyobanwa) hujazwa mara moja na kuwashwa kwa juu. Joto hushuka polepole likitoa gesi kwenye kuni, na gesi hiyo huungua juu kabisa inapokutana na hewa ya pili inayoingia kwa juu. Thomas Reed wa Marekani alianza kulifanyia kazi wazo hili mwaka 1985. Moshi hupungua sana, na ukilizima wakati mwafaka hubaki mkaa wa kutia shambani au kwenye briketi.

Masharti yake ni mawili: kuni kavu zenye ukubwa unaolingana, na uvumilivu, kwa kuwa huwezi kuongeza kuni katikati ya upishi bila kurudisha moshi. Muulize muuzaji daraja la jiko kwa ISO 19867, vipimo vya kimataifa vya majiko vya mwaka 2018, ambavyo hupanga majiko kutoka 0 hadi 5, na 5 ndilo bora zaidi. Likiwa na feni, uliza inavyochajiwa, na kama jiko bado linapika feni ikifa.

4. Mashine ya peleti

Peleti ni nishati nzuri sana, ila mashine yake ndogo huwakatisha watu tamaa. Maranda yasagwe kwanza, yawe na unyevu wa asilimia 10 hadi 15, kwa hiyo unanunua mashine ya kusaga na mpango wa kukausha pia. Uwezo unaotangazwa mara nyingi ni wa kutengeneza chakula cha mifugo, ambacho ni laini kuliko mti. Uliza kilo kwa saa za maranda, na uandikiwe. Usinunue kabla hujawa na wateja wenye majiko ya peleti.

5. Kifaa cha kutengeneza bayodizeli

Bayodizeli ni mafuta ya injini za dizeli yanayotokana na mafuta ya mimea au wanyama. Mafuta ya kupikia yaliyotumika huchanganywa na methanoli na kichocheo cha sodiamu au potasiamu haidroksaidi. Lita 100 za mafuta huhitaji lita 20 hivi za methanoli, na hutoa takriban lita 100 za bayodizeli pamoja na gliserini. Kemia yake inafahamika, na ubora una viwango vyake: EN 14214 cha Ulaya na ASTM D6751 cha Marekani.

Kinachoishusha hadi hapa ni methanoli. Ni sumu inayopofusha na kuua, hupita hata kwenye ngozi, huchemka kwa nyuzi 65 hivi na mwali wake hauonekani vizuri mchana. Sikubali iwe ndani ya nyumba yenye watoto. Mwenye karakana tofauti, anayepata mafuta kila wiki kutoka mahoteli na mwenye injini kuukuu za dizeli, anaweza kuifikiria. Achague tangi lililofungwa kabisa, linalopashwa kwa maji ya moto au umeme uliokingwa, kamwe si kwa moto wa wazi, na lenye njia ya kurudisha methanoli iliyobaki.

6. Tanuri la kugeuza plastiki kuwa mafuta

Usinunue. Video zake zinavutia, naelewa, maana plastiki imetapakaa kila mahali na mtu anatamani iwe na faida. Lakini plastiki nyingi hutokana na mafuta ghafi na gesi asilia, hivyo mafuta yake si nishati jadidifu hata kidogo. Plastiki ya PVC, ile ya mabomba, ikichanganyika humo hutoa gesi ya asidi inayokula mapafu na mabomba, na tanuri la kuchomelewa mtaani likivuja mvuke wa moto wa mafuta, mvuke huo hushika moto papo hapo. Viwanda vyenye wahandisi na vipimo vya kila saa bado huhangaika nalo. Plastiki yako ioshe, itenge kwa aina, uiuze kwa wanaoirejeleza, na fedha hiyo uiongeze kwenye mtambo wa namba moja au mbili.