Bweni la wageni Wuhan: baridi iliyonitoa jasho

Nimekaa miaka miwili kwenye bweni la wanafunzi wa kigeni la chuo kimoja mjini Wuhan, nikisoma uzamili kwa ufadhili wa serikali ya China. Jina la chuo nalihifadhi. Naandika kwa ajili ya wadogo zangu wanaojiuliza kama wakubali bweni au wapange mtaani.

Kwa bei sina neno. Ukiwa na ufadhili kamili chumba hulipii, na juu yake unapata posho ya yuan 3000 kwa mwezi. Aliyezoea kusubiri bumu lililochelewa ataona ameula. Chumba ni cha wawili: vitanda, meza, kabati, na choo cha kuchuchumaa ambacho bomba la kuogea liko juu yake. Sabuni tatu zimenitumbukia humo.

Sasa baridi. Nilipopangiwa Wuhan nilifurahi, maana ni mji ambao Wachina wenyewe wanauita tanuri kwa joto lake la kiangazi. Sikujua habari ya mstari. Tangu miaka ya 1950 nchi ile imegawanywa kwa milima ya Qinling na mto Huai: kaskazini ya hapo majengo yanapashwa joto kwa mabomba msimu mzima wa baridi, kusini kila mtu na lwake. Wuhan iko kusini. Rafiki yangu wa Harbin, mji wa kaskazini, nje kwake ni nyuzi 20 chini ya sifuri, lakini chumbani anakaa na fulana. Mimi nje ni nyuzi tatu juu ya sifuri, na ndani nimevaa koti, soksi mbili na kofia, nikiandika tasnifu kwa vidole vilivyokufa ganzi. Unyevu nao unaingia hadi kwenye shuka. Jinzi ukiifua Jumamosi, Jumatano bado mbichi.

Kiyoyozi kinatoa joto, ila umeme ni wa kulipia kabla, kama LUKU yetu. Unaweka hela kwa simu, zikiisha mnabaki gizani. Januari tulikuwa tunachoma kama yuan 150, na mwenzangu wa chumba, Mpakistani mstaarabu, aliona huo ni ufujaji. Hapo ndipo ugomvi wetu wote ulipotokea. Hita ndogo na blanketi la umeme ni marufuku kwa hofu ya moto.

Jiko la umeme la wali nalo ni marufuku chumbani. Langu lilikamatwa kwenye ukaguzi na ayi wa mlangoni, nikaandikishwa karatasi, nikarudishiwa mwisho wa muhula. Ayi maana yake mama mdogo, na kweli ana mambo ya mama mdogo: mlango unafungwa saa tano usiku, ukichelewa unapigwa maneno mpaka ufike ghorofani, halafu kesho anakuuliza kama umekula.

Kilichonibakiza bwenini ni jiko la pamoja la ghorofa ya nne. Chafu, mafuta ukutani, foleni saa kumi na mbili jioni, lakini hapo ndipo nilipopata watu. Unga wa mahindi wa dukani ni wa njano na haushikamani vizuri. Mweupe tuliagiza Guangzhou kwa Waafrika wenzetu kupitia WeChat, ukifika kwa siku mbili tatu. Mchicha hauhitaji kuagiza, wenyeji wanaupenda na sokoni umejaa kuanzia majira ya kuchipua. Saa nne usiku, nyumbani ikiwa saa kumi na moja jioni, nilikuwa nampigia mama nikiwa na sahani mkononi. WhatsApp imefungwa kule, kwa hiyo dada yangu ilibidi amfungulie mama WeChat.

Bweni nalipatia nyota tatu na nusu. Lingekuwa kaskazini ya mto Huai ningelipatia nne na nusu, kwa hiyo kabla hujajaza fomu fungua ramani kwanza. Na njoo na mwiko. Mimi nilisongea kijiko cha mbao cha kukaangia, kikakatika katikati siku ya Idi, wageni saba wamekaa wanasubiri.