Kachri za muhogo Mombasa: za kuwahi, za kuagiza na za kuacha

Anayetaka kachri za muhogo, yaani krispi zake, Mombasa hakosi pa kuzipata: ufukoni Laithausi, vibandani Mwembe Tayari, supamaketi, na kwa akina mama wanaokaanga nyumbani kwa oda. Lakini tofauti ya kachri na kachri ni kubwa, na pesa ni ileile. Nimezipanga kwa namna ninavyozinunua mwenyewe, nikianza na zile ambazo ningemhimiza mgeni aziwahi jioni hii.

Nafasi ya kwanza ni za karaini, pale Laithausi, kando ya barabara ya Mama Ngina zinakopita meli zinazoingia Kilindini. Jua likipungua makali, majiko yanawashwa. Muhogo unakatwa vipande vyembamba kama karatasi, unatumbukizwa kwenye mafuta, unaepuliwa, unachujwa, kisha unanyunyiziwa chumvi na pilipili ya unga. Hununui kwa kilo, unanunua kwa pesa: “Mama, nitilie za hamsini, pilipili iwe nyingi, na ndimu tafadhali.” Ndimu ikamuliwe pale unapokula, kidogo kidogo. Ukiikamulia mfuko mzima, za chini zitalowa kabla hujazifikia. Dafu la kuteremshia liko hatua chache tu.

Hata hivyo, makarai ya Laithausi si mamoja, kwa hivyo tazama mafuta kabla ya kutoa pesa. Yakiwa ya rangi ya dhahabu, kaa foleni. Yakiwa meusi, yanatoa povu jingi na moshi unaokereketa koo, yamekaangiwa mara nyingi mno. Nenda jiko la pili. Halafu sikiliza. Muhogo ukiingia kwenye mafuta yaliyopata moto, unalia papo hapo, kwa sababu maji yaliyomo ndani yanageuka mvuke. Kelele ikitulia, maji yamekwisha na kachri imekauka. Muuzaji anayetia muhogo kwenye mafuta ya vuguvugu atakupa kachri zilizokunywa mafuta, na utayaona kwenye karatasi na kwenye vidole vyako. Rangi nzuri ni njano hafifu. Kahawia ni ya kuungua, wala usikubali kuambiwa kwamba ndiyo imeiva vizuri.

Uangalie na muhogo wenyewe, maana kwa kawaida uko pale pale kando ya jiko. Muhogo ukishang’olewa hauchukui siku nyingi: ndani ya siku mbili tatu huanza kuwa na mistari myeusi au ya bluu katikati. Kilifi na Kwale wanalima muhogo, na ni jirani zetu, kwa hivyo sioni sababu ya kukubali uliolala. Jambo moja si la kubembeleza: kachri ikiwa chungu, iteme, na uache mfuko wote. Muhogo mchungu una asili ya sumu ya sayanidi, na kuukaanga peke yake hakutoshi kuiondoa. Wauzaji wanaojua kazi hutumia muhogo mtamu, ule wa kuchemsha, nao hawaudhiki ukiwauliza.

Nafasi ya pili ni za oda. Kwa harusi, Idi au wageni wengi, hizi zinashinda hata za Laithausi, kwa kuwa mafuta ni mapya na pilipili unaamua mwenyewe. Agiza mapema ili muhogo ununuliwe siku hiyohiyo. Sharti langu ni moja: zipoe kabisa kabla ya kufungwa. Kachri ya moto ikifungiwa, mvuke wake unairudia na kuilegeza, na unyevu wa hewa yetu unamalizia kazi.

Za ndizi mbichi naziweka ya tatu. Ni tamu, zinawafaa watoto wasioweza pilipili, ila hazina ule mlio wa muhogo.

Mwisho ni za paketi. Angalia alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na tarehe, na chagua paketi inayoonyesha kilichomo. Vumbi likiwa jingi chini, zimesafiri sana. Za viazi sikuzipanga. Hizo zipo kila mji.

Wapo wageni wanaofika wakiwa wamezoea ngozi ya nguruwe ya kukaanga: chicharrón ya Mexico, kaep mu ya Chiang Mai, Thailand, ile ya Carcar kisiwani Cebu, Ufilipino, au ya baa za Uingereza. Ngozi huchemshwa, hukaushwa, kisha hutiwa kwenye mafuta makali, na unyevu kidogo uliobaki ndio unaoifurisha. Laithausi wasiitafute. Huu ni mji wenye Waislamu wengi, na mtu lazima aweze kula kutoka karai lolote bila wasiwasi. Ninayempokea namwambia achukue kachri kwa ajili ya mlio, na mishkaki kwa ajili ya nyama. Vikiliwa pamoja, na ukwaju baridi pembeni, hakuna atakachokosa.

Anayepanda treni ya asubuhi Miritini asingoje Laithausi, kwani majiko huwa bado hayajawashwa. Anunue jioni ya kuamkia safari, azitandaze kwenye sinia zipoe, kisha azitie kwenye mkebe wenye kifuniko kinachobana. Pilipili na chumvi azifunge kwenye karatasi yake, na ndimu asiikate mpaka awe kwenye kiti.